Ndege za Vita Zilizochongwa kwa Mkono

Mtu akipewa kazi ya kuamua mashindano ya ufundi, hupewa pamoja nayo deni la kueleza sababu za uamuzi wake. Deni hilo mimi sijalilipa. Niliombwa na mwalimu mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, niende katika shule moja ya Homa Bay nikaamue kazi za mikono za wanafunzi wa huko na wa Migori. Juu ya meza palikuwa na vyungu, vikapu vya mafunjo, mashua za wavuvi zenye matanga ya kitambaa, na mwisho wa meza palikuwa na ndege tatu za vita, za namna ile iliyoundwa kwa kutupa mabomu. Tuzo ya kwanza nilimpa mwenye moja ya ndege hizo. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Baada ya siku chache ridhaa yangu ilianza kupungua, na haya ninayoandika ni hesabu ya jinsi ilivyopungua.

Yafaa kwanza tujue ufundi huu ulitoka wapi, maana hakuna awezaye kuhukumu kitu asichojua kilikusudiwa nini. Kuchonga mfano mdogo wa chombo kikubwa ni kazi ya kale. Mafundi wa Lamu huchonga majahazi madogo yenye kila ubao mahali pake. Mifano ya eropleni ni mipya zaidi. Katika miaka ya 1930 palikuwa na kampuni mjini London iliyouza vipande vya mti vya kuundia ndege ndogo, kwa jina la Skybirds, nayo ilishika kipimo cha 1 kwa 72. Maana yake ni kwamba inchi moja ya mfano ni futi sita za ndege yenyewe. Futi sita ni kimo cha mtu mrefu, kwa hiyo rubani wa ndege hizo akawa na kimo cha inchi moja. Kipimo hicho kimedumu hata leo, na wote wachongao ndege za vita hukijua kama mshonaji ajuavyo utepe wake.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, mchezo huo uligeuka kuwa kazi ya serikali. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa imekwisha kuingia vitani, jeshi lake la majini liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge mifano 500,000 ya ndege za rafiki na za adui. Mifano hiyo haikutakiwa kupendeza. Ilipakwa rangi nyeusi tupu, bila dirisha wala alama, kwa kuwa mpiga mzinga atazamaye juu haoni rangi. Huona umbo jeusi lililo mbele ya mwanga. Ukiusimamisha mfano wa 1 kwa 72 mita 10 mbali nawe, unaiona ndege kama ambavyo ungeiona yenyewe ikiwa mita 720. Mpiga mzinga alifundishwa kwa njia hiyo kutofautisha umbo na umbo, asije akamwangusha mwenziwe akidhani ni adui. Fikiri, msomaji, ni mzigo gani uliokuwa juu ya kisu cha mtoto wa shule: bawa likichongwa nene kupita kiasi, mtu mzima aliye mbali angeweza kulipa kosa hilo kwa uhai wake.

Baada ya vita plastiki ilichukua nafasi ya mti katika nchi zenye maduka ya vitu hivyo. Siku hizi mtu hununua sanduku, akaunganisha vipande, akapaka rangi. Sidharau kazi hiyo, lakini sehemu kubwa ya kufikiri imekwisha kufanywa na mwingine kiwandani. Kijana wa Migori hana sanduku. Ana picha moja, rula, kisu, na mti. Analazimika kuiuliza picha maswali ambayo mwenye sanduku haulizi kamwe: unene wa mwili ni kiasi gani mahali bawa linapoingia? Mkia umeinuka au umelala? Kwa ajili hiyo naona ya kuwa mfano uliochongwa kwa mkono ni namna ya kusoma, nao wastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki insha.

Sasa tuzitazame ndege zenyewe.

Ya kwanza, iliyopata tuzo, ilikuwa Lancaster. Aliyeichonga ni kijana wa kidato cha tatu kutoka Migori, naye alitumia mti wa jakaranda, ambao ni mwororo na hauna kiburi mbele ya kisu. Mabawa yake yalikuwa na sentimita 43 kutoka ncha hata ncha, na hesabu hiyo ni sahihi, kwa kuwa Lancaster yenyewe ilikuwa na futi 102. Kijana aliukwangua mti kwa kipande cha kioo, akausugua kwa msasa, akaupaka vanishi hata mkono ukiteleza juu yake haukwami popote. Vibanda vya vioo walimokaa wapiga bunduki alivifanya kwa chupa ya maji ya plastiki aliyoilainisha kwa moto. Pangaboi nne zilizunguka ukizipuliza. Nilizipuliza, nakiri, zaidi ya mara moja.

Lancaster iliruka mara ya kwanza Januari 1941, na kabla kazi ya kuziunda haijakoma ziliundwa 7,377. Kila moja ilichukua watu saba. Usiku baada ya usiku zilivuka bahari kwenda Ujerumani, na wengi hawakurudi: katika watu wapatao 125,000 waliopaa na kikosi cha mabomu cha Uingereza, wakiwamo waliopanda ndege za aina nyingine, walikufa 55,573. Waliokuwa chini walikufa wengi zaidi. Mashambulio ya Julai 1943 juu ya mji wa Hamburg yaliua watu zaidi ya 30,000, na yale ya Februari 1945 juu ya Dresden yaliua wapatao 25,000. Huko huko Uingereza, vita ikiwa bado yaendelea, Askofu George Bell wa Chichester alisimama katika Baraza la Malodi mwezi Februari 1944 akauliza kwa haki gani mji mzima wachomwa. Hakupendwa kwa swali hilo.

Nilimwuliza kijana, "Mwanangu, ndege hii ilifanya kazi gani?"

"Ilitupa mabomu Ujerumani, Mwalimu."

"Na kwetu?"

"Kwetu haikufika, Mwalimu."

Nikatikisa kichwa kwa kukubali, nikaandika alama. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, kwa maana Lancaster ilifika kwetu, nami sikujua. Vita ilipokwisha, Kikosi namba 82 cha jeshi la anga la Uingereza kilitumwa Afrika na ndege za Lancaster zilizoondolewa kazi ya mabomu na kutiwa kamera. Ziliruka juu ya nchi, Kenya ikiwa mojawapo, zikipiga picha za milima, mito na mashamba, ili wachora ramani wapate kazi. Moja ya ndege za kikosi hicho yajulikana kwa namba yake, PA474. Iliundwa karibu na mji wa Chester katikati ya mwaka 1945, ikatengenezwa kwenda kupigana na Wajapani, lakini vita ikaisha kabla haijaondoka. Badala ya Japani ilikuja kupiga picha Afrika Mashariki na Kusini. Leo, katika Lancaster zote 7,377, zimebaki mbili tu ziwezazo kuruka: moja iko Kanada, na ya pili ni hiyo hiyo PA474, itunzwayo Uingereza. Haikupata kutupa bomu hata moja juu ya adui.

Wanafunzi wa jiografia wazijua ramani za 1 kwa 50,000, ambazo kwazo huulizwa katika mitihani wahesabu urefu wa barabara na kueleza mwinamo wa kilima. Nyingi za ramani hizo za Kenya zilianza kuchorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani miaka ile. Lau kijana wa Migori angelijua hayo, sidhani kama angelipaka tumbo la ndege yake rangi nyeusi ya usiku wa Ujerumani. Angelikata tundu dogo la kamera. Ndege yake ina umbo kamili, lakini ni umbo lililonakiliwa kutoka katika picha ya mgeni, na habari ya mgeni. Lawama yangu kwake ni ndogo, kwa kuwa kijana hana maktaba. Yangu mimi ni kubwa zaidi, kwa sababu mwamuzi alikuwa na wajibu wa kujua.

Ya pili ilikuwa B-29 iliyochongwa kwa jiwe laini la Tabaka, jiwe lile ambalo mafundi wa Kisii huchongea viboko na visahani. Juu yake sina mengi. Jiwe ni zito na mabawa ya ndege ile ni membamba. Fundi aliogopa yasivunjike, akayaacha manene, na ndege ikafanana na samaki aliyevimba. Hata hivyo aliichagua ndege yenye habari nzito. Ni B-29 iliyotupa bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na sehemu kubwa ya madini ya urani yaliyotumika katika kazi ya mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo. Kama fundi angelinijia na kusema ya kwamba alichagua jiwe kwa sababu jambo hilo lilitoka ardhini mwa Afrika, ningelimsamehe unene wa mabawa yote mawili. Hakusema hivyo. Alisema jiwe lilikuwepo nyumbani.

Mwamuzi mwenzangu, mtu mwenye busara, alininong'oneza hapo ya kuwa hafahamu kwa nini watoto wa Nyanza wachonge silaha za vita vya watu wengine, na mashua nzuri zimejaa ziwani. Neno lake lina uzito, lakini nusu yake si kweli. Vita vile vilipita hapa hapa petu. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, ndege zake zilitoka Ethiopia na Somalia zikashambulia Wajir, na mwezi Oktoba mwaka huo zikatupa mabomu Malindi. Walioruka kutoka Kenya kwenda kuwajibu walikuwa Waafrika Kusini, na baadhi ya ndege walizotumia zilikuwa Junkers 86, zilizotoka Ujerumani, ambazo kabla ya vita zilichukua abiria wa kulipa nauli. Mtu asemaye kwamba chombo hakina hatia na mtumiaji ndiye mwenye hatia aitazame ndege hiyo: viti viliondolewa, mabomu yakawekwa.

Kadhalika wanaume wa wilaya ile iliyoitwa Kavirondo Kusini, ambayo sehemu yake kubwa leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, waliandikwa katika King's African Rifles na katika vikosi vya kazi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za mwaka 1944, njia zikiwa tope hata magotini, ikafika Kalemyo mwezi Novemba. Chakula chao kilitoka juu, kikitupwa na ndege za mizigo. Kwa askari wale, ndege njema ilikuwa Dakota yenye magunia. Katika meza ile ya Homa Bay hapakuwa na Dakota hata moja, na jambo hilo lanishangaza. Huenda ni kwa sababu bomu lina fahari machoni pa kijana na gunia la mchele halina.

Nimechelewa kuifikia ndege ya tatu, na nimechelewa kwa kuwa naiona haya.

Ilikuwa Lincoln, kazi ya msichana wa kidato cha pili. Lincoln ni mdogo wa Lancaster kwa kuzaliwa na mkubwa wake kwa umbo. Yenyewe ina mabawa ya futi 120. Iliruka mara ya kwanza Juni 1944, ikachelewa kuingia katika Vita Kuu. Ikapata vita vyake mahali pengine, na mahali penyewe ni Kenya. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Kuanzia Novemba 1953 hata katikati ya mwaka 1955, Lincoln za jeshi la anga la Uingereza zilipaa kutoka Eastleigh, Nairobi, zikatupa mabomu ya ratili 500 na ratili 1,000 juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambamo wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wamejificha. Miti ilikatika, tembo na nyati walijeruhiwa wakawa wakali, na wapiganaji wakajifunza kusikiliza na kuhama. Ndege zile kubwa ziliondoka, na Dedan Kimathi alikuwa bado msituni. Alikamatwa Oktoba 1956 na watu waliokwenda kwa miguu.

Msichana aliichonga ndege yake kwa bua la mkonge, lile linalobeba maua, ambalo watoto wengi hulijua kwa wepesi wake. Aliliunganisha kwa gundi ya unga wa ngano, akalivika karatasi ya kaki, na pangaboi akazikata katika kopo la mafuta ya kupikia. Mkia ulikwenda upande kidogo. Karatasi ilikunjamana penye maungio ya mabawa, na injini ya tatu ilikuwa nene kuliko ndugu zake. Nilipima mabawa nikapata sentimita 51 kasoro kidogo sana, kwa hiyo kipimo alikishika. Lakini alifanya mambo mawili ambayo wengine hawakuyafanya. Milango ya mabomu aliiacha wazi. Tena aliitundika ndege kwa waya juu ya ubao uliopakwa kijani kibichi, na katikati ya ubao alisimamisha mtu wa njiti ya kiberiti, mwenye kimo cha sentimita mbili na kitu.

"Huyu ni wa nini?" akauliza mwamuzi mwenzangu. "Tumekuja kutazama ndege."

"Bila yeye, Mwalimu, ukubwa wa ndege haujulikani," akajibu msichana.

Tulicheka kidogo. Tukampunguzia alama kwa kuweka kitu kisichohusika, na kwa mkia.

Nilipokuwa natoka ndipo aliponieleza, bila kuulizwa, ya kuwa mama yake alizaliwa Nyeri akaolewa Homa Bay, na kwamba bibi yake, akiwa mtoto mdogo, aliwahi kuzisikia ndege hizo kabla hajaziona. Alisema ya kuwa bibi hakumbuki umbo la ndege hata kidogo. Akumbukacho ni mbuzi kukimbia.

Nikarudi nalo nyumbani neno hilo. Nikaanza kufanya hesabu ambazo ningelipaswa kuzifanya mbele ya meza. Waya wa msichana ulikuwa na sentimita 30. Kwa kipimo chake, ndege ilikuwa mita 21.6 juu ya kichwa cha mtu yule, na hakuna rubani wa Lincoln angetupa bomu kutoka kimo hicho na kubaki hai. Basi kosa lake kubwa halikuwa mkia. Sisi waamuzi tulishika kosa dogo tukaliacha kubwa. Tuseme ndege imeruka mita 3,000 juu ya mtu. Katika kipimo cha 1 kwa 72, waya ungepaswa kuwa na mita 41 na zaidi. Bwalo la shule ile halina robo ya kimo hicho. Ingebidi ndege ipandishwe juu kuliko miti yote ya uwanjani, na mtu wa njiti aachwe chini katika majani. Atazamaye kutoka chini angeona kitu kama mwewe. Atazamaye kutoka ndani ya ndege, kama angekuwamo, asingeona mtu kabisa.

Hicho ndicho kitu ambacho mifano yote ya ndege za namna hii hukiacha, ile ya wanafunzi wa 1942 na ile ya plastiki ya leo. Hushika mabawa kwa usahihi wa milimita, na umbali hukosa nafasi mezani. Lakini umbali ndio uliokuwa maana ya ndege yenyewe: iliundwa ili anayetupa asionane na anayetupiwa. Mchonga Lancaster hakuuona upungufu huo, maana ndege yake imekaa juu ya kigingi kilichopakwa vanishi na hakuna mtu chini yake. Mchonga Lincoln aliuona, akajaribu kuuziba kwa uongo, akawaleta karibu watu wawili ambao hawakupata kuonana. Mchora ramani naye husema uongo wa namna hiyo. Barabara ya Homa Bay kwenda Rongo, kama ingechorwa kwa upana wake wa kweli katika ramani ya 1 kwa 50,000, ingekuwa uzi usioonekana. Huchorwa nene ili isomeke. Lancaster nzima, kwa kipimo hicho, ina upana wa nusu milimita na kidogo zaidi.

Sikusudii kusema kwamba kazi mbovu yenye wazo ni bora kuliko kazi safi isiyo nalo. Kama ningelikuwa seremala, ningelimchukua kijana wa Migori awe mwanafunzi wangu kesho asubuhi, na msichana ningelimrudisha nyumbani akajifunze kunyoosha mkia. Ustadi ni heshima apewayo mtazamaji, na karatasi iliyokunjamana ni kuivunja heshima hiyo. Lakini tuliombwa kuamua mifano, na mfano ni maneno juu ya kitu kingine. Lancaster ile yaniambia kwamba mchongaji wake ana mikono mizuri. Lincoln yaniambia jambo juu ya Lincoln. Kwa kipimo hicho cha pili, nilichokisahau siku ile, naona nilikosea, wala si kwa alama moja au mbili.

Nimemwandikia rafiki yangu mwalimu. Sikumwomba tuzo ibadilishwe, maana kijana ameipata kwa haki ya kanuni tulizoziweka wenyewe, na kumnyang'anya kungekuwa kosa juu ya kosa. Nimemwomba tu ya kwamba katika maonyesho yajayo Lancaster ile isisimame juu ya kigingi, bali itundikwe juu ya ramani ya Homa Bay ya 1 kwa 50,000, na kijana asimulie habari ya kamera. Kwa msichana nimepeleka mpira wa kamba wa mita 50. Mwalimu amenijibu ya kuwa kamba imefika, na kwamba wanafunzi wanatafuta mti wa kutosha. Ramani pia ipo shuleni, lakini imechanika upande wa ziwa.